Kengele Mia na Kumi na Nne

Jumatatu asubuhi bodaboda yenye spika mbili ilipanda mlima ikazunguka vijiji vyote sita vya juu, upande wa Newala, ikitangaza kwamba pampu ya Nalyambi imeungua kwa sababu opereta alilala kazini. "Kengele mia na kumi na nne zimelia," spika zilisema, "na mama amelala!" Aliyeshika kipaza sauti alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji mwenyewe, Mzee Abdulkadiri, na pale kwenye "amelala" aliivuta sauti kwa madaha mpaka watoto wakaanza kuiimba. Jina hakulitaja. Hakuwa na haja. Pampu ya Nalyambi ina opereta mmoja tu, na kila mtu anamjua: Veridiana, mama yake Esther.

Kulala! Mwanamke ambaye kwa miaka kumi na tisa ameamka kabla ya jogoo na kabla ya adhana, akaenda kukagua chujio kisimani, ili wenziwe huko juu wakifungua bomba wakute maji. Juu kule hakuna mto wala chemchemi ya maana. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza yote, na maji unayoyataka yako chini kabisa, bondeni. Pampu isipofanya kazi, wanawake wanateremka genge zima la mlima na ndoo tupu na kulipanda tena na ndoo zilizojaa. Veridiana aliyajua hayo kuliko mwenyekiti, maana mwenyekiti hajawahi kujitwika ndoo.

Bodaboda ilimalizia mzunguko wake bondeni, mbele ya nyumba yake, akiwa anaanika mihogo. Ikapunguza mwendo makusudi. Veridiana alisimama na kipande cha muhogo mkononi akasikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana mtu. Hasira yake ilikuwa imeshapita pale ambapo matusi husaidia.

Na si hilo la kulala peke yake lililokuwa likimchoma. Siku ile ile pampu ilipoungua, alipewa habari ya kifo cha mjomba wake, na hao hao waliomtangaza ndio waliomzuia asiende kumzika.

Ili uelewe, lazima umjue mjomba huyo. Veridiana alizaliwa Chiungutwa, kwenye nyumba ya wakulima wa korosho, na kwa watu wale mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba ni mgeni anayeheshimiwa. Mjomba wake aliitwa Marko. Marko alipoona binti anafungua redio za watu badala ya kubangua korosho, hakumchapa. Alimpakia kwenye baiskeli akampeleka Ndanda akajifunze ufundi umeme. Watu walimcheka njia nzima. "Unampeleka mtoto wa kike akashike nyaya? Atakauka kama dagaa!" Marko akajibu kwamba kama ni kukauka, hata kwenye palizi watu wanakauka. Akakanyaga pedeli.

Alipomaliza mafunzo akachukuliwa Nalyambi kuwa msaidizi wa fundi mmoja aliyeitwa Silvano, mtu mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Silvano ndiye aliyeiunganisha pampu na kompyuta, zamani, wakati wengi hapa walikuwa hawajaiona kompyuta hata kwenye picha. Aliiandika programu mwenyewe, akaichapa kwenye karatasi ndefu zenye matundu pembeni, na akamlazimisha Veridiana kuisoma mstari kwa mstari kama mtoto wa madrasa na juzuu yake. Akikosea anarudishwa mwanzo. Alikosea sana mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu Silvano ndiye aliyekuwa akimuuliza yeye.

Kulikuwa na ukurasa mmoja ambao Silvano alimrudisha mara nyingi kuliko yote. "Hapa ndipo roho ya pampu ilipo," alimwambia. Programu inaiuliza mita: presha ni ngapi? Kisha inasubiri jibu. Lakini haisubiri kijinga. Kabla ya kuanza kusubiri inajitegeshea kengele ya sekunde kumi. Kengele yenyewe haina mlio. Ni ishara tu inayotoka kwenye kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta inayoamua nani alale na nani aamshwe. Kengele ikifika, programu inaandika neno KENGELE kwenye kumbukumbu zake na kutegesha nyingine. Kisha kiini kinaiambia: kusubiri kwako kumekatizwa, na hukupata kitu. Hapo programu inajua kwamba mita haijibu, inaandika NAZIMA, na inaizima pampu kabla haijajiua.

"Sasa hiyo," Silvano alisema, "ni kama wewe uko shambani kwenu Chiungutwa, unapalilia. Mtu akaita njiani kwamba kuna msiba. Unafanyaje?"

"Naacha jembe palepale tutani, naenda."

"Humalizi tuta?"

"Anayemaliza tuta anasemwa mpaka kaburini, fundi."

"Basi na programu yangu nimeifundisha hivyo hivyo. Ikiitwa, inaacha jembe."

Miaka yote kumi na tisa ilifanya hivyo. Chujio liliziba, waya ukakatwa na panya, radi ikapiga, na kila mara kwenye kumbukumbu ukifungua unakuta KENGELE moja, na chini yake NAZIMA. Veridiana akawa anaweza kwenda kisimani au njiani bila wasiwasi. Silvano alikufa, akazikwa, na programu yake ikaendelea kuacha jembe kila ilipoitwa.

Mwaka jana kompyuta ile ya zamani ikaanza kuchoka. Kamati ikaleta mkandarasi, na mkandarasi akamleta injinia, kijana wa miaka thelathini aitwaye Dickson, mwenye begi la mgongoni na haraka. Programu haikuweza kuandikwa upya. Aliyeiandika alikuwa kaburini, na hakuna aliyemuuliza Veridiana, ambaye alikuwa na karatasi zote chini ya kitanda. Dickson akaja na ufumbuzi wake. Aliweka kompyuta mpya, ambayo kiini chake kinaweza kujifanya kiini cha ule mfumo wa zamani. Programu ya Silvano inaingia humo, inaomba inavyoomba siku zote, na kiini kipya kinaitikia kwa lugha yake. "Haitajua hata kama imehama," Dickson alisema, na wanakamati wakapiga makofi.

Siku ya makabidhiano kulikuwa na pilau. Dickson aliwasha, akazima, akakata umeme na kuurudisha, na kila kitu kilikwenda sawa. Kisha ikatolewa karatasi ya kusaini. Veridiana alikuwa shahidi wa tatu. Akainama kwa mwenyekiti akamnong'oneza, "Baba mwenyekiti, hatujachomoa waya wa mita. Tungeona kama inajizima."

Mzee Abdulkadiri alitabasamu, meno yote nje, kwa ajili ya mgeni, akamjibu bila kugeuka: "Mama Esther, mtu ametoka mbali. Wali unapoa. Unataka kumwaibisha mgeni mbele ya sahani yake? Saini tule."

Akasaini. Ndiyo, alisaini, na hilo nalo lilikuwa likimtafuna. Alilijua jambo, akalisema kwa mdomo wa nusu, akanyamazishwa na wali. Hivyo ndivyo tulivyo huku. Mgeni hakosolewi akiwa na tonge mkononi, na akishanawa amekwisha ondoka.

Basi ikaja Jumanne ile pampu ilipoungua, siku sita kabla ya bodaboda. Ilikuwa baada ya saa nane mchana. Mzee Mrisho, jirani yao wa Chiungutwa, alifika kwa baiskeli akasimama barabarani, upande wa juu wa nyumba ya pampu, akaita. Veridiana alimwona kupitia dirishani. Mtu mzima akitoka mbali hivyo jua likiwa kali, na asishuke kwenye baiskeli yake kukaribia mlango, anajulikana ameleta nini. Mleta msiba hapokelewi dirishani. Unatoka, unapanda mpaka alipo, unasimama naye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Funga kanga yako vizuri." Akamngoja afunge. "Mjomba wako Marko ametutoka asubuhi hii. Tunazika kesho saa nne. Tunangoja mkono wako wa udongo."

Kwa sheria za kwao alitakiwa kuondoka palepale. Jembe tutani. Lakini alimshika mzee yule mkono, akalia, akauliza alikufaje, nani alikuwa naye, alisema nini mwisho. Masikio yake yote yalikuwa Chiungutwa. Chini, chujio lilikuwa limezibwa na majani, pampu ikaanza kunyonya hewa, mabomba yakatikisika, na kutikisika kule kukaung'oa waya wa mita. Kwa kompyuta ya zamani, baada ya sekunde kumi kungekuwa kimya. Veridiana alikuja kushtuliwa na harufu ya mpira ulioungua. Alishuka mbio akaikuta mota inafuka moshi, na programu kwenye skrini bado inasubiri jibu la mita, imetulia kabisa. Akaizima mwenyewe kwa mkono.

Kamati ilifika kabla ya alasiri. Wakamnyang'anya ufunguo wa pampu. Akawaambia kuna msiba. Mzee Abdulkadiri akasema taarifa kwanza, msiba baadaye. Hakuna kutoka mpaka injinia afike. Alikalishwa kwenye ofisi ya mradi, kwenye benchi, akaandika maelezo, akaambiwa aandike tena. Walimruhusu kwenda kulala nyumbani, mgambo akiwa mlangoni. Injinia alifika kesho yake saa saba mchana. Saa nne ilikuwa imepita. Huko Chiungutwa walingoja mkono wake mpaka wakachoka, wakamfukia Marko bila udongo wa mtoto aliyempakia kwenye baiskeli.

Nani atamrudishia hiyo? Niambie. Mota inasukwa upya, inarudi kama ilivyokuwa. Maziko hayasukwi.

Ripoti ya Dickson aliipata Jumanne iliyofuata, siku moja baada ya bodaboda, ikiwa imebanwa pamoja na barua ya kumwita kwenye kikao cha Alhamisi. Barua ilisema ajieleze kwa nini asifukuzwe. Alikaa kwenye kigoda nje akasoma. Ukurasa wa kwanza maneno makubwa. Wa pili picha ya mota. Wa tatu ulisema: "Mfumo ulimtahadharisha opereta mara mia na kumi na nne katika muda wa dakika kumi na tisa. Opereta hakuamka." Wa nne ulikuwa kumbukumbu zenyewe za siku ile, zilizochapwa kama ushahidi.

KENGELE, ulisema mstari wa kwanza. KENGELE, wa pili. KENGELE, KENGELE, KENGELE, mpaka chini, na nyuma ya karatasi mpaka chini tena.

Aliusoma mara tatu. Hakuwa anasoma kilichoandikwa, alikuwa anatafuta kisichokuwepo. Hapakuwa na NAZIMA hata moja.

Aliingia ndani, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa karatasi za Silvano zenye matundu, akaufungua ule ukurasa aliorudishwa mara nyingi. Akauweka pembeni ya ripoti. Kengele ikifika, programu inaandika, inategesha nyingine, na kusubiri kunakatizwa. Hapa kengele ilifika, programu ikaandika, ikategesha nyingine, na kusubiri hakukukatizwa. Kiini kipya kiliipokea programu ya mgeni, kikaiitia kengele yake vizuri, na mara tu ilipoitikia kikairudisha kulekule kwenye kusubiri, kama vile hakuna aliyeita. Mara mia na kumi na nne iliambiwa kuna msiba, na mara mia na kumi na nne ikarudishwa tutani kupalilia.

Na huyu kijana akausoma ukurasa huo akadhani kengele zilikuwa zinamlilia yeye, Veridiana! Alidhani kuna kitu kinalia. Aliandika kwa mkono wake kwamba mwanamke hakuamshwa na mlio ambao haupo, na mzee mzima akapanda bodaboda kuutangaza. Veridiana alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, cheko baya, jirani akachungulia uani kuona kuna nini.

Alhamisi kikao kilifanyika kwenye nyumba ya pampu kwa ombi lake. Walidhani anataka kuomba msamaha karibu na kazi yake. Wanakamati watano walikaa kwenye viti vya plastiki. Nje, wanawake walioteremka na ndoo kutoka juu walisimama dirishani, mbele yao Dorika, mwanamke mwenye mabega mapana ambaye tangu Jumatatu alikuwa akipita mbele ya nyumba ya Veridiana akiimba ule wimbo wa watoto. Mota ilikuwa imesharudi kutoka Masasi na imefungwa mahali pake, inangoja kuwashwa. Dickson alikuwa na begi lake.

"Mama Esther," mwenyekiti alianza, "ukikiri, tutalimaliza kwa wema."

"Baba mwenyekiti, shikamoo. Nina swali moja kwa injinia. Kengele zilizolia ziko wapi?"

Dickson alifungua ripoti. "Ukurasa wa nne, mama. Mia na kumi na nne."

"Nimeziona kwenye karatasi. Nataka kuzisikia. Nionyeshe kinacholia humu ndani."

Dickson alitazama kompyuta. Akatazama ukuta. Akainama nyuma ya meza, akasimama. Kompyuta haikuwa na spika. Ukutani kulikuwa na kalenda na misumari miwili. Wanakamati nao wakaanza kutazama juu, kwenye mbao za paa, kama watu wanaotafuta popo.

"Sasa," Veridiana alisema, na sauti yake ilianza kupanda, "zimeni swichi kubwa ya mota, msije mkasema nimeiunguza tena. Halafu waya huu hapa ni wa mita. Siku ile mlikula pilau, nikasema tuuchomoe, mkaniambia wali unapoa. Leo hakuna wali."

Akauchomoa. Akawaambia wahesabu kwa sauti. Walihesabu kwa aibu, kama watoto wakubwa waliorudishwa darasa la kwanza. Walipofika kumi, kwenye skrini kukatokea KENGELE. Ishirini, KENGELE. Thelathini, KENGELE. Programu iliendelea kusubiri, na taa ya kijani ya pampu iliendelea kuwaka. Walipofika mia moja na ishirini mzee mmoja alikuwa ameacha kuhesabu, na wanawake dirishani walikuwa wamechukua zamu yake.

Kisha akaenda stoo akaitoa ile kompyuta ya zamani. Walikuwa wameitupa chini. Yeye alikuwa ameiinua na kuifunika kanga. Ilichukua muda kuwaka, ikikohoa feni yake. Ikawaka. Akaunganisha mita, akaiacha programu isome presha, akauchomoa waya.

"Hesabuni."

Walihesabu. Kumi. KENGELE. Na kabla hawajasema kumi na moja, NAZIMA. Taa ya kijani ikazimika.

Dickson alisogea, akakaa mbele ya mashine yake mpya, akaandika amri kadhaa, akafungua faili moja akaisoma kwa kidole. Alipoongea, hakuongea na mwenyekiti.

"Mama, shikamoo," alisema. Siku zote alizomjua hakuwahi kumwamkia. "Kuna mahali ambapo kiini kinaambiwa la kufanya, ishara ikimkuta mtu, yaani programu, anasubiri. Ama kimwambie umekatizwa, ama kimrudishe akaendelee kusubiri. Programu zetu za siku hizi zinapenda kurudishwa, zinaona ni kupunguziwa kazi. Nikaacha hivyo kwa zote."

"Programu zenu."

"Ndiyo, mama. Hii ya mzee Silvano ilizaliwa kwingine."

"Umemkaribisha mgeni, umemwambia ajisikie yuko kwao, na mila za kwao huzijui! Na alipokwama mikononi mwako ukaja kusema mimi ndiye niliyelala! Umeandika! Umeweka saini!" Akaigonga ile ripoti kwa kidole. "Ungeniuliza swali moja tu. Moja! Karatasi zote ziko chini ya kitanda changu."

Dickson aliinamisha kichwa. Kwa haki yake niseme kwamba hakujitetea.

Aliyeharibu ni Mzee Abdulkadiri. Alikohoa, akatabasamu lile tabasamu la siku ya pilau. "Basi tumshukuru Mungu, jambo limejulikana. Ni hitilafu ndogo ya kiufundi. Mama Esther atarudi kazini leo hii, ufunguo huu hapa. Katibu ameandaa karatasi ya makubaliano kwamba suala limeisha na halitasemwa nje, maana si vizuri kumwaibisha mgeni. Saini, mama, tukale. Kuna kuku."

Karatasi ikasukumwa mbele yake, na kalamu juu yake, na ufunguo juu ya kalamu.

Veridiana aliutazama ufunguo ule. Alikuwa ameubeba miaka kumi na tisa, umeacha alama kwenye kila mfuko wa gauni lake. Akautoa juu ya kalamu, akauweka pembeni.

"Baba mwenyekiti, mjomba wangu mtamfukua nimzike?"

Mzee akaisukuma kalamu mbele zaidi.

"Basi kama hilo hamliwezi, fanyeni mnaloliweza. Mlinitangaza kwa spika. Spika ziko wapi?"

"Mama Esther, punguza jazba, mimi ni mtu mzima..."

"Spika ziko wapi, nang'olo?" Aliyeuliza safari hii alikuwa Dorika, kutoka dirishani. Nang'olo ni neno la heshima, mzee huitwa hivyo huko juu, lakini alivyolisema yeye halikuwa na heshima hata chembe. Nyuma yake ndoo tupu zilianza kugongwa.

Bodaboda ikaletwa. Mzee Abdulkadiri alipanda nyuma na kipaza sauti chake, na Veridiana akamkabidhi ule ukurasa wa nne. Alitaka kuanza na "wananchi watukufu." Wanawake wakamkatiza. Akataka kusema "hitilafu." Wakamkatiza tena. Dorika alimwambia asome kilichoandikwa.

"Kengele," mzee alisoma, na spika zikarudisha sauti yake kwenye genge la mlima. "Kengele. Kengele. Kengele." Wanawake walihesabu pamoja naye. Kwenye ya thelathini aliinua macho akiomba kuachiwa. "Bado, nang'olo," wakamwambia, "mama ulimhesabia zote, nawe usiruke hata moja." Kwenye ya sabini sauti ilimkauka, na akaletewa maji ya kunywa kutoka kwenye ndoo ya mtu aliyekuwa ameteremka mlima kuyatafuta. Aliyanywa. Akageuza karatasi akaendelea.

"Mia na kumi na nne," alimaliza. Akamtazama Veridiana. Kisha, bila mtu kumwambia, aliongeza kwa sauti ndogo ambayo spika ziliikuza hata hivyo: "Na Mama Esther hakulala. Tumelala sisi."

"Na mimi," Veridiana alisema. "Nilisaini."

Hakusema kwamba amesamehe, kwa sababu hakusamehe. Aliingia ndani, ambako Dickson alikuwa amemaliza kubadilisha kile alichopaswa kubadilisha na sasa, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa anachomoa waya wa mita. Alihesabu peke yake, midomo ikicheza. KENGELE. NAZIMA. Akaurudisha, akauchomoa tena. KENGELE. NAZIMA.

"Iko sawa, mama," alisema. "Tunakungoja wewe tu uwashe. Watu hawana maji siku ya kumi leo."

Wote walikuwa wanamtazama mkono. Veridiana alilegeza kanga yake, akaifunga upya kiunoni, vizuri, kama Mzee Mrisho alivyomwambia siku ile barabarani. Akauchukua ufunguo mezani na kuuweka kwenye kiganja cha Dickson.

"Washa wewe," alisema. "Mimi niliitwa msibani Jumanne ya wiki iliyopita."

Akatoka, akamshusha mwenyekiti kwenye ile bodaboda ya spika, akakaa mahali pake, akamwambia dereva Chiungutwa.